Cheti cha farasi unacho, kazi huna: dhana zinazowaponza wahitimu

Kila msimu wa mahafali swali ni lile lile: "Napanda vizuri, nina cheti cha utunzaji wa farasi, mbona siitwi kazini?" Na jibu huwa limejificha ndani ya swali lenyewe.

Dhana: Kazi ya farasi ni kupanda farasi

Hii imewaponza wengi kuliko nyingine zote. Katika zizi la kawaida, muda wa kukaa juu ya tandiko ni kipande kidogo cha siku, na kwa mwajiriwa mpya mara nyingi hakuna kabisa. Siku huishia chini: kulisha, kunywesha, kuzoa samadi, kuchokonoa kwato, kupeleka farasi malishoni na kuwarudisha, kusafisha hatamu, kuandika kumbukumbu. Viunzi unavyoruka havimsaidii mwajiri ambaye farasi wake ameshikwa na msokoto wa tumbo saa nane za usiku na hakuna aliyeziona dalili jioni.

Farasi hawezi kutapika, na mfuko wake wa chakula ni mdogo ukilinganisha na mwili. Matatizo ya tumbo kwake huwa makali haraka. Ndiyo maana jicho la mtunzaji lina thamani kuliko ustadi wake wa kukaa juu ya tandiko.

Asubuhi, kabla hujafungua mlango, simama utazame. Majani makavu ya jana yamebaki? Malalo yamevurugika kama ya mnyama aliyegaagaa? Farasi mzima hunya takriban mara 8 hadi 12 kwa siku. Akikuachia vinyesi viwili vidogo, vikavu, tangu jioni, usipite. Maji je? Farasi wa kilo 500 hunywa kati ya lita 25 na 50, kutegemea joto, kazi na chakula. (Vinyweo vinavyojijaza vyenyewe hupumzisha mgongo wako, lakini hukuficha habari hii. Ndoo ni bora, hata wakikucheka.)

Halafu vipimo vya farasi aliyetulia: joto nyuzi 37.5 hadi 38.5, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16. Kila mhitimu amezikariri tarakimu hizi. Mpe kipimajoto sasa, uone wangapi watakwenda kusimama nyuma kabisa ya farasi. Mahali pako ni ubavuni, karibu na nyonga, mkono mmoja umeshika mkia. Paka kipimajoto mafuta ya kulainisha, kiingize, kiegemeze kwenye ukuta wa njia ya haja kubwa, na usikiachie. Kikizama katikati ya donge la samadi kitakupa joto la chini kuliko halisi, nawe utaandika kwamba farasi mwenye homa ni mzima.

Kuchechemea nako wengi hukukosea. Mwongoze kwa matiti (mwendo wa kudundadunda, kati ya kutembea na kukimbia), mstari ulionyooka, ardhi ngumu iliyo sawa, kamba ikiwa imelegea ili kichwa kiwe huru. Kwa miguu ya mbele, kichwa huinuka mguu unaouma unapokanyaga, na hushuka unapokanyaga ule mzima. Anayesoma kinyume humwita fundi kwato kung'oa kiatu cha mguu usio na kosa lolote.

Siku ya majaribio ya kazi, watu wazoefu hukupima kabla hata farasi hajatandikwa. Wanatazama unavyopita langoni. Ingia malishoni na farasi, mgeuze aelekee lango, funga lango, ndipo umvue hatamu huku ukirudi kinyumenyume. Ukimwachia akiwa ameelekea uwanjani, ataondoka kwa shangwe na miguu ya nyuma itakuwa usawa wa kifua chako. Wanatazama pia fundo lako. Liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, tena lifungwe kwenye kitanzi cha kamba nyepesi, lisifungwe moja kwa moja kwenye chuma. Farasi akishtuka akavuta, kamba nyepesi ikatike kabla shingo yake haijaumia. Haya ni ya wiki ya kwanza ya masomo, na ndiyo yanayowaangusha wenye stashahada.

Kwa hiyo futa "mpenzi wa farasi tangu utotoni" kwenye wasifu wako. Andika ulihudumia farasi wangapi kwa siku, wa aina gani, na kazi zipi ulizifanya bila msimamizi. Ukituma video, ziache picha za kuruka viunzi: onyesha dakika mbili ukimzungusha farasi kwa kamba ndefu na kumpakia garini bila fujo.

Dhana: Stashahada ya farasi ni njia ya mkato ya udaktari

Haiko hivyo. Udaktari wa mifugo una shahada yake, miaka mitano au sita kwa kawaida. Tiba ya viungo vya farasi, katika nchi nyingi, huanzia kwenye taaluma ya tiba ya viungo vya binadamu au ya mifugo. Ufundi kwato hujifunzwa kwa kushika nyundo chini ya fundi kwa miaka.

Dhana: Mpanda hodari ni mwalimu hodari

Wapo, ila hodari wengi hawajui hata wanachokifanya na mwili wao, sembuse kumweleza mtoto mwenye hofu. Kasomee ufundishaji.

Dhana: Umri umenipita

Hiroshi Hoketsu wa Japani alishindana katika dresaji (mchezo wa kumwongoza farasi kwa miondoko maalumu) kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa na miaka 71. Tena kuna uamuzi wa mashindano, uchoraji wa njia za viunzi na usimamizi wa mazizi, ambako mvi ni mtaji.

Dhana: Nilikuja kwa farasi, hesabu waachie wahasibu

Farasi 12 wa kilo 500, kila mmoja kilo 10 za majani makavu kwa siku, ni kilo 120. Siku 30 ni kilo 3,600. Ongeza asilimia 10 ya yatakayokanyagwa au kuota ukungu: 3,960. Asiyeweza kupiga hesabu hii atabaki mzoa samadi, au atamaliza ghala katikati ya mwezi, kisha abadilishe lishe ghafla badala ya kwa siku 7 hadi 10, na msokoto wa tumbo utarudi palepale.

Dhana: Lazima nianze kwa kufanya kazi bure

Kubadilishana kazi na mafunzo kunakubalika iwapo yameandikwa: saa za kazi, siku ya mapumziko, masomo mangapi kwa wiki na anayefundisha ni nani, idadi ya farasi chini yako (wakizidi sita kwa mtu mmoja, utunzaji unakuwa wa kulipua), na nani atalipa hospitali ukipigwa teke. Hiki cha mwisho ulizia kwanza.