PDU hugawa umeme, haiutunzi

"Hiyo PDU, umeme ukikatika inakaa na moto dakika ngapi?" Nimeulizwa tena juzi, na muulizaji tayari alikuwa ameshaandika oda. Jibu ni sufuri. Umeme ukienda, nayo inaenda.

PDU (Power Distribution Unit) ni kifaa cha kugawa umeme ndani ya raki, lile kabati la kupangia mashine za kompyuta: waya mmoja mnene unaingia, matundu mengi yanatoka, na humo huchomekwa seva, swichi za mtandao na ruta. Za bei ya juu huonyesha ampea zinazopita, nyingine hukuwezesha kuzima tundu moja ukiwa mbali. Ni hivyo tu.

Nahisi mkanganyiko unatokana na herufi U. Ya UPS (Uninterruptible Power Supply) iko mwanzo, na maana yake ni umeme usiokatika. Huko ndiko betri ziliko. Ya PDU iko mwisho, na ni Unit, yaani "kifaa" tu, haina ahadi yoyote. Halafu kuna U ya raki, kama mtu anaposema 42U: hicho ni kipimo cha kimo, U moja ni milimita 44.45. Ndiyo sababu PDU ya 1U hulala na kula nafasi moja, na ya 0U husimama wima ubavuni bila kula hata moja. Sisi wa Tanzania tunayo na ya nne ya kutuchanganya, uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kuna aliyeniuliza kama PDU "inahesabu uniti." Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba baadhi ya zenye mita huhesabu kweli kilowati-saa.

Herufi yenye maana hapo ni D, kugawa. Wanaoiita "ekstensheni kubwa" wako karibu zaidi na ukweli, ila nao huponzwa na matundu: wanayahesabu, wanafurahi, wanasahau kutazama plagi. PDU ya matundu 20 yenye plagi ya kawaida ya ampea 13, ile ya pini tatu bapa na fyuzi ndani, ina ampea 13 za kugawana wote. Kwa volti 230 hizo ni wati 2,990. Yenye plagi ya buluu ya mviringo ya ampea 32 hufika wati 7,360. Kwa hiyo anza na plagi, uulize kama ukutani kuna soketi yake, ndipo uje kwenye matundu: aina ya C13 ni ya ampea 10, C19 ya ampea 16 kwa mashine zenye njaa.

Seva yenye pawasaplai mbili huchomekwa kwenye PDU mbili, na hapa ndipo hesabu huwa tamu mdomoni. Kila PDU imebeba asilimia 70, mtu anasema bado ana nafasi. Moja ikizima, mwenzake anatwishwa 140, swichi yake ya usalama inakata, raki nzima giza. Kila moja isivuke nusu, hata kama mita inakushawishi.

Yule ndugu wa juzi sikumrudishia oda. PDU zake mbili alichagua vizuri, nikaziacha. Juu yake nikaongeza mstari mmoja, UPS, na pembeni nikamwandikia: dakika ulizouliza zinatoka hapa.