Unasihi wa mpito wa maisha kwa mtu mzima: ni nini na hufanyikaje

Unasihi wa mpito ni mfululizo wa vikao vya faragha ambamo mtu mzima husaidiwa kujipanga upya pale maisha yanapomgeukia kiasi kwamba jibu lake la zamani la "mimi ni nani?" halimtoshi tena. Anayekuja anaweza kuwa mstaafu, mjane, mtalaka, mama ambaye kitinda mimba wake ameondoka nyumbani, mfanyakazi wa ndani aliyerudi kutoka Oman baada ya miaka mingi, aliyebadili dini, au mtu wa miaka 40 aliyeambiwa msibani kwamba baba anayezikwa siye aliyemzaa. Wengi wao si wagonjwa. Wanalala, wanakula, wanakwenda kazini, ila hawajui tena wanaelekea wapi.

Lazima tutenganishe tukio na mpito. Tukio lina tarehe: barua ya kustaafu, talaka, mazishi. Mpito ni kazi inayofanyika ndani ya mtu baada ya hapo, nao haufuati kalenda. Mmarekani William Bridges, aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1980, aliugawa mpito katika hatua tatu: kumalizika kwa yaliyokuwepo, kipindi cha katikati ambacho mtu hayupo huku wala kule, kisha mwanzo mpya. Zingatia mpangilio huo, kwamba kumalizika ndiko kunakotangulia. Mtu ambaye hajakubali kilichokwisha hukimbilia kitu kipya ili asikitazame, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Jamii zetu zililijua hilo zamani. Mwari hatoki utotoni akaingia utu uzima kwa siku moja. Hutengwa, hukaa kumbini chini ya kungwi, kisha hutolewa kwa ngoma, na kila mtu anajua sasa amwiteje. Mtafiti wa mila Arnold van Gennep aliandika mwaka 1909 kwamba hatua hizo tatu zinajirudia katika mila za mataifa mengi. Mjane wa Kiislamu naye ana eda ya miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito. Mipito mingi ya sasa haina kitu kama hicho. Mstaafu anaagwa Ijumaa kwa soda, hotuba na zawadi, na Jumatatu amekaa sebuleni akiangalia saa. Kwake yeye unasihi unashika nafasi ya kumbi, isipokuwa kwamba mnasihi si kungwi na hana mafunzo ya kumkaririsha.

Kuna mpito mwingine usio na tukio kabisa. Nancy Schlossberg, mtaalamu wa unasihi wa Marekani ambaye kielelezo chake cha mwaka 1981 bado kinatumika sana, aliuhesabu pamoja na mingine: jambo lililotarajiwa ambalo halikutokea. Ndoa haikuja, mtoto hakupatikana, cheo kilikwenda kwa mwingine kila mara. Hapa hakuna msiba wala kikao cha ukoo, hakuna anayekuja kutoa pole, na hata mhusika mwenyewe hajui aseme lini hasa matumaini yalikwisha. Kwa maoni yetu hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika fani hii, kwa sababu mnasihi lazima kwanza amsaidie mteja kukiri kwamba kuna kilichopotea.

Schlossberg alitaja pia mambo manne ya kukagua: hali yenyewe (ilikuja ghafla au ilijulikana, ni ya muda au ya kudumu, yapo mengine yaliyoangukia wakati huohuo), nafsi ya mtu (umri, afya, imani, namna anavyojiona), msaada alio nao, na mbinu anazotumia kukabiliana na mambo. Katika ukaguzi huu msaada ndio unaodanganya zaidi. Mtu anaweza kuwa na ndugu thelathini kwenye kundi la WhatsApp na asiwe na hata mmoja wa kumwambia kwamba anaogopa.

Kikao kwa kawaida ni dakika 50 hadi 60, mara moja kwa wiki, na mpito wa kawaida mara nyingi hushughulikiwa katika vikao 6 hadi 12. Cha kwanza ni cha makubaliano: lengo, malipo, na siri. Siri ina mipaka, na mnasihi mzuri huitaja kabla hujaanza kusimulia: hatari ya kujiua, hatari ya kumdhuru mwingine, mtoto anayedhulumiwa, amri ya mahakama.

Chukua mwalimu mkuu aliyestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 nchini Tanzania. Mnasihi wake ana miaka 32. Anaanza na shikamoo, anamwita Mwalimu, na anajua kwamba mzee huyu amezoea kutoa ushauri, si kuupokea. Kwa hiyo hamshauri. Anampa karatasi yenye mistari 20, kila mmoja ukianza na "Mimi ni…", zoezi lililobuniwa na wanasosholojia Manford Kuhn na Thomas McPartland mwaka 1954. Mzee anaandika: mwalimu mkuu, baba, mzee wa kanisa, mtu wa kuamka saa kumi na moja alfajiri, mtu anayetegemewa. Akifika mstari wa 12 anakwama, jambo ambalo ni la kawaida. Kisha anaweka alama: kipi kimekwisha, kipi kimebaki, na kipi kimebaki lakini kimekosa mahali pa kufanyikia. "Mwalimu mkuu" kimekwisha, anakikata haraka. "Anayetegemewa" anakiacha bila alama. Mstari huo mmoja unaweza kuchukua vikao viwili, maana hajui kama walimtegemea yeye au mshahara wake.

Mzee huyu pia anataka kununua bajaji tatu kwa kiinua mgongo. Mnasihi hamkatazi. Anamuuliza: "Mwalimu, bajaji hizi zinajibu mstari upi hapa?" Kama zinajibu "anayetegemewa", inafaa kutafuta jaribio dogo lisilogharimu mafao yake: kufundisha watoto wa mtaani kwake jioni mbili kwa wiki, kwa mwezi mmoja, halafu waone alichojifunza. Bajaji zinaweza kununuliwa baadaye. Kuamua jambo kubwa lisilorudishika katikati ya mpito ndilo kosa linalojirudia mno, liwe ni kuuza kiwanja, kuoa haraka au kuhama mji.

Upande wa mnasihi, kinachoharibika mara nyingi ni ushauri wa mapema. Mteja analia, mnasihi anaona uchungu, anatoa suluhisho, na mteja anaondoka na mpango wa mtu mwingine. Wiki mbili baadaye mpango umelala. Kosa jingine ni kuwaingiza ndugu bila ridhaa ya mteja kwa hoja kwamba "ni jambo la familia". Mtu aliyegundua mzazi wake halisi ukubwani anaweza kuvunjikiwa nyumba mbili kwa simu moja kama hiyo.

Unasihi huu haumalizi kila kitu. Huzuni au kukosa hamu ya mambo, karibu siku nzima na karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, ni dalili ya kuchunguzwa sonona hospitalini, na mawazo ya kujiua hayasubiri kikao kijacho. Wala unasihi si usuluhishi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upitie kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya shauri la talaka kufunguliwa mahakamani, isipokuwa katika hali chache ilizozitaja. Baraza linajaribu kupatanisha watu wawili. Mnasihi wa mpito anakaa na mmoja, na hana upande katika swali la kurudiana.

Kwa Kenya, kazi hii ina sheria yake ya mwaka 2014 inayowahusu wanasihi na wanasaikolojia, na bodi iliyoundwa kwayo, hivyo ni haki yako kuuliza kuhusu usajili. Popote ulipo, muulize mnasihi amesomea wapi, nani anamsimamia kitaaluma, na kumbukumbu za vikao anazihifadhi vipi.

Vikao havikatwi ghafla. Vinatanuliwa: kila baada ya wiki mbili, kisha mwezi. Kikao cha mwisho ni vizuri kipangwe baada ya tarehe ngumu inayojulikana, kama siku ya kufungua shule kwa yule mwalimu, au mwaka wa kwanza wa msiba.