Kutema matonge kwa farasi mzee

Kutema matonge ni hali ya farasi kutafuna nyasi, kuzizungusha mdomoni, kisha kuziangusha chini badala ya kuzimeza. Asubuhi saisi huyakuta chini ya hori: matonge marefu yaliyolowa mate, na akiyafungua, nyasi za ndani bado ni ndefu, hazijasagika. Wengine humwona farasi huyo kuwa anachagua chakula. Sivyo. Ana njaa, ila meno hayamsaidii tena.

Magego ya farasi ni marefu, na sehemu kubwa imejificha ndani ya taya. Kila mwaka jino husogea nje milimita 2 hadi 3 kufidia linavyolika kwa kusaga. Akiba hiyo ina mwisho. Farasi akishavuka miaka 20 na ushei, magego mengine hulegea na kung'oka, mengine hubaki laini kama kokoto za mtoni. Tena, kwa kuwa taya la juu ni pana kuliko la chini, kingo za magego huota makali yanayochoma mashavu na ulimi.

Basi farasi hukonda, na mwenye farasi husema, "Ni uzee tu." Kauli hiyo imewaponza farasi wengi ambao wangeweza kunenepa tena. Nyasi zisizotafunwa vizuri zinaweza pia kumkwama kooni au kumletea msokoto wa tumbo, na farasi hawezi kutapika.

Kwanza daktari wa mifugo amkague mdomo, asawazishe kingo kali kwa tupa. Kwa farasi mzee ukaguzi wa kila miezi sita haujazidi. Lakini tupa hairudishi jino lililokwisha. Hapo ndipo chakula kinapobadilika. Farasi wa kilo 500 huhitaji takriban kilo 7.5 hadi 10 za chakula kikavu kwa siku, awe na meno au asiwe nayo, na sehemu kubwa iwe nyuzinyuzi. Vidonge vya nyasi au vya lusini (majani ya malisho ya jamii ya kunde), au machicha makavu ya biti ya sukari, vilowekwe mpaka viwe kama uji mzito. Ukivisugua vidoleni usikute punje ngumu hata moja. Mgawie milo 4 au zaidi, tena ale peke yake, maana farasi vijana watamaliza chakula chake akiwa bado anahangaika.

Usijazie pengo kwa mahindi. Nafaka nyingi kwa mkupuo huvuruga tumbo na huweza kuleta uvimbe wenye maumivu makali ndani ya kwato. Farasi mzee ambaye manyoya yake ni marefu na hayapukutiki huenda ana ugonjwa wa homoni, hivyo apimwe kabla ya kupewa chochote chenye sukari au wanga mwingi.

Punda naye huzeeka meno vivyo hivyo. Ukiona nyuzi ndefu za nyasi kwenye kinyesi chake, mwite daktari hata kama bado hajaanza kutema matonge.