Vimondo 100 kwa saa, na dhana nyingine zinazowarudisha watu ndani mapema

Kila Agosti na kila Desemba malalamiko ni yale yale: "Nilitoka nje, nikatazama juu dakika kumi, sikuona kitu. Si walisema vimondo mia kwa saa?" Namba yenyewe si ya uongo. Kilichopotoshwa ni maana yake, na upotoshaji huo unawanyima watu usiku mzuri kuliko mawingu yanavyowanyima.

Dhana: Mvua ya vimondo ikifika kilele utaona 100 kila saa

Kinachotangazwa ni kiwango cha saa moja kitovu, yaani pale angani ambako vimondo vya mvua huonekana kuja kutoka, kikiwa utosini. Kinamhusu mtazamaji mmoja aliye chini ya anga nyeusi ti, anayeziona nyota hadi daraja la mwangaza 6.5 (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi), bila mwezi, bila wingu, bila paa wala mti wa kumziba, na kitovu cha mvua kiko wima juu ya kichwa chake. Masharti hayo ni nadra sana kutimia yote kwa pamoja. Wanaastronomia hutumia kiwango hicho kulinganisha Perseidi, mvua ya Agosti, na Geminidi, mvua ya Desemba, au mwaka huu na mwaka jana. Hakikuwekwa ili kumwambia mtu ataona vingapi akitoka nje.

Ukitaka kujua utakavyoviona wewe, piga hesabu mbili. Ya kwanza ni kimo cha kitovu. Kikiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, namba iliyotangazwa inabaki nusu. Kikiwa nyuzi 15, inabaki kama robo. Kwa hiyo 100 zimeshakuwa 50 hata kabla hatujagusa suala la taa. Ya pili ni giza. Kwa Perseidi, kila daraja moja la nyota unalolipoteza kwa sababu ya mwanga linagawanya idadi kwa takriban 2.2. Pembezoni mwa mji, ambako nyota hafifu za mwisho kuonekana ni za daraja la 5, umepoteza daraja moja na nusu: zile 50 zinashuka hadi 15. Katikati ya mji, ambako macho yanaishia daraja la 4, zinabaki 7. Saba kwa saa moja nzima! Mtu wa dakika kumi hapo anatarajia kimondo kimoja tu, na ni rahisi sana kukikosa.

Tena havijipangi. Vimondo 15 kwa saa ni wastani wa kimoja kila dakika 4, lakini havifuati ratiba. Vitatu vinaweza kufuatana ndani ya dakika moja, kisha anga ikanyamaza dakika kumi. Kimya hicho ni cha kawaida kabisa, wala si dalili kwamba mvua imekwisha. Kwa bahati mbaya ndicho kinachowafanya wengi wakunje mkeka.

Taswira ya vimondo vinavyomwagika kama maji ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ni usiku wa kuamkia Novemba 13, 1833, ambapo Leonidi, mvua ya vimondo ya Novemba, zilimimina maelfu ya vimondo kwa saa juu ya Amerika Kaskazini. Michoro ya tukio hilo inasambazwa hadi leo. Ile ilikuwa dhoruba ya vimondo, na dhoruba ni jambo jingine. Leonidi ni vumbi la nyotamkia Tempel-Tuttle inayolizunguka jua kwa takriban miaka 33, na dhoruba zake zimekuja karibu na miaka inaporejea, kama mwaka 1966 na tena kati ya 1999 na 2002. Katika mwaka wa kawaida kiwango cha Leonidi ni kama 15 tu, hata chini ya anga bora.

Sasa rudi kwenye zile Perseidi 15 za pembezoni mwa mji, ufikirie ni nini hasa. Kila Perseidi moja ni chembe iliyobanduka kwenye nyotamkia Swift-Tuttle, ambayo mzunguko wake mmoja huchukua takriban miaka 133. Chembe hiyo, nyingi zikiwa na ukubwa wa punje ya mchanga, inaingia angahewa kwa kilomita 59 kwa sekunde, inagongana na molekuli za hewa kwenye kimo cha takriban kilomita 100, na katika muda usiofika sekunde moja inakuwa mvuke unaong'aa. Wewe uliyelala chini unaiona kwa macho matupu kutoka umbali huo wote. Kuona kumi na tano za namna hiyo ndani ya saa moja na kurudi ndani ukilalamika ni kujidhulumu.

Kwa hiyo jipangie saa nzima, na ikiwezekana mbili. Dakika 20 hadi 30 za kwanza ni za macho kuzoea giza, usizihesabu. Simu ikiwashwa mara moja tu, kazi hiyo inaanza upya, na hili ndilo kosa linaloharibu usiku mwingi kuliko yote: mtu anaangalia saa, anajibu ujumbe, anatafuta programu ya kumwonyesha nyota, kisha anashangaa mbona hakuna kitu. Iache simu ndani. Ukihitaji mwanga tumia tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, tena hafifu. Lala chali kwenye mkeka au kiti cha kulalia, kwa kuwa shingo ya aliyesimama haivumilii zaidi ya dakika tano, na chukua blanketi hata kama jioni ilikuwa na joto. Chagua mahali ambapo hakuna taa inayokuangalia moja kwa moja usoni. Taa moja ya uzio iliyo karibu inaumiza kuliko mji mzima ulio mbali.

Angalia pia mwezi kabla ya kuchagua usiku. Mwezi mpevu unafuta vimondo hafifu, na hafifu ndivyo vilivyo vingi. Mwezi ukichelewa kuchomoza au ukiwahi kuzama, tumia saa za giza zinazobaki.

Dhana: Ni lazima ukodolee macho kundinyota lenye jina la mvua

Hapana. Kitovu ni mahali ambapo njia za vimondo huonekana kukutana ukizirudisha nyuma, kama kingo za barabara ndefu iliyonyooka zinavyoonekana kukutana mbali. Vimondo vyenyewe hutokea popote angani. Vilivyo karibu na kitovu vinakuja kama vinakuelekea, kwa hiyo michirizi yake ni mifupi na ni rahisi kutoviona. Virefu na vya kupendeza huonekana mbali zaidi. Tazama nyuzi 40 hadi 60 kutoka kwenye kitovu, karibu nusu ya kimo cha anga au juu zaidi, upande wenye giza kuliko wote. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni takriban nyuzi 10, basi hesabu ngumi nne hadi sita. Usikodoe sehemu moja. Yaache macho yapumzike, kwani pembe za macho ndizo hodari wa kunasa kitu kinachotembea gizani.

Kitovu kina kazi mbili. Kinakusaidia kutambua kama kimondo ni cha mvua hiyo au ni cha kupita tu: rudisha mstari wake nyuma, uone kama unafika huko. Na kimo chake kinakwambia saa ya kutoka. Kitovu cha Geminidi, kwenye kundinyota la Mapacha, hufika juu kabisa karibu saa 8 usiku. Cha Perseidi huendelea kupanda hadi alfajiri, lakini kiko kaskazini mno: hata kwenye ikweta hakivuki nyuzi 32, na ukienda kusini zaidi kinashuka hadi kutochomoza kabisa. Anayeishi kusini mwa ikweta asiweke matumaini yake yote kwenye Agosti. Eta Akwaridi za mwanzoni mwa Mei, vumbi la nyotamkia Halley, zinamfaa zaidi, hasa saa chache kabla ya jua kuchomoza.

Dhana: Ni nyota zinazoanguka

Nyota iliyo karibu nasi baada ya jua iko umbali wa zaidi ya miaka 4 ya nuru. Hesabu nyota za kundinyota lolote kabla na baada ya usiku wa vimondo. Hakuna hata moja itakayopungua.

Dhana: Nyotamkia inapita usiku huo

Yenyewe inaweza kuwa mbali kabisa. Swift-Tuttle ilipita karibu na jua mara ya mwisho mwaka 1992, na Perseidi hazijakosa mwaka hata mmoja tangu hapo. Dunia ndiyo inayoukata mkondo wa vumbi ulioachwa njiani, mahali pale pale, tarehe zile zile.

Dhana: Mawe yake yataangukia watu

Hakuna jiwe lililowahi kuthibitishwa kuwa lilifika ardhini kutoka kwenye mvua ya vimondo. Chembe ni ndogo na zina kasi kubwa mno, zinaishia juu. Mlipuko wa Chelyabinsk nchini Urusi, Februari 15, 2013, ulisababishwa na mwamba wa takriban mita 20 ambao haukuhusiana na mvua yoyote. Kuwatisha watoto kwa mfano huo ili wasitoke nje kuona Geminidi ni kosa.

Dhana: Darubini itakuonyesha vingi zaidi

Itakuonyesha vichache. Darubini ya macho mawili huona duara la nyuzi 7 hivi, na kubwa ya kusimikwa mara nyingi haifiki hata mbili. Kimondo hakikusubiri uielekeze. Macho matupu ndiyo chombo cha kazi hii, na hayana mbadala.

Dhana: Ile picha yenye vimondo 60 ndivyo anga ilivyoonekana

Ni fremu za saa nyingi, pengine za siku kadhaa, zilizounganishwa kuwa picha moja. Hakuna ubaya mpigaji akisema hivyo. Ukitaka kujaribu mwenyewe: kamera kwenye tripodi, lenzi pana ya milimita 14 hadi 24, tundu f/2.8, ISO 1600 hadi 3200, sekunde 15 hadi 20 kwa kila picha, na mfululizo usiokatika. Lenga kwa mkono kwenye nyota inayong'aa, maana ulengaji wa kujiendesha hushindwa gizani. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni umande kwenye lenzi. Ifute kila nusu saa. Na mstari unaoendelea kutoka picha moja hadi nyingine si kimondo, ni setilaiti au ndege.

Dhana: Kabla ya saa 6 usiku hakuna maana ya kutoka

Karibu kweli, ila si yote. Baada ya saa 6 usiku upande wetu wa dunia ndio unaotangulia kwenye safari ya kulizunguka jua, kwa hiyo unazipokea chembe usoni na idadi inapanda. Lakini jioni, kitovu kikiwa ndiyo kwanza kinachungulia kwenye upeo, vimondo vichache vinavyokuja huingia angahewa kwa ubapa na kusafiri mbali kabla ya kuungua. Huenda ukakaa saa nzima ukaona viwili tu, na kimojawapo kikapita taratibu, kirefu, kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine. Kwa Geminidi, ambazo kitovu chake huchomoza mapema jioni, hilo linawezekana hata kwa watoto wanaolala saa 3.