Usikate usukani kwa kosa la gurudumu la mbele

Jumamosi iliyopita nilipewa tena, kwa mara ambayo sikumbuki ni ya ngapi, ule ushauri unaozunguka miongoni mwa wapenzi wa simuleta za ndege, yaani programu za kompyuta zinazoiga urubani, hapa Kisumu: kwamba ndege ikikataa kunyooka kwenye barabara ya kurukia, dawa yake ni kupunguza hadi asilimia 30 unyeti wa usukani wa mkia, kile kibao cha mkiani kinachogeuza pua kushoto au kulia. Safari hii aliyeuleta ni kijana kutoka Kondele, aliyekuja na laptopu yake na joistiki ya kusokota ndani ya mfuko wa shule. “Mwalimu,” akaniambia, “hii simuleta ina kasoro. Nimepunguza hadi thelathini na bado inanivuta kushoto.” Nilikunywa maji kwanza, ndipo nikamjibu.

Katika Cessna 172, ambayo karibu kila mtu huanza nayo, pedali mbili hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Husogeza usukani wa mkia, ambao huenda karibu digrii 16 kila upande, na hugeuza gurudumu la mbele karibu digrii 10, huku breki ya upande mmoja ikiweza kulifikisha gurudumu hilo hadi digrii 30. Kati ya pedali na gurudumu kuna springi, kwa hivyo mguu wa rubani ukitikisika kidogo, gurudumu halipokei mtikisiko wote. Nyumbani hali ni nyingine. Kazi zote mbili huwekwa kwenye mhimili mmoja wa kifaa chako, na joistiki ya kusokota, ambayo mwendo wake wote ni mzunguko mdogo wa kifundo cha mkono, humfanya mtu aamrishe nusu ya usukani kabla hajatambua kwamba ameanza kusokota. Ndege ikiyumba kama boda boda iliyobeba godoro, mtu husema usukani ni mkali mno. Anachokiona ni gurudumu la mbele na mkono unaochelewa kurudi, na akikata unyeti ili atulize gurudumu anapotembeza ndege polepole, amekata pia usukani atakaouhitaji akifika noti 50. (Noti za mwendo, si za benki, nimewahi kuulizwa.)

Hesabu ni fupi. Asilimia 30 ya digrii 16 ni digrii 5 hivi. Tuliweka upepo wa kutoka digrii 200, noti 14, tukaelekea ziwani kwenye barabara ya 24, yaani inayoelekea digrii 240 hivi, kwa kuwa alasiri hapa upepo hutoka ziwani na mtu wa Kisumu hana sababu ya kujizoeza katika hewa tulivu isiyokuwapo. Tofauti ya digrii 40 hutoa upepo wa ubavuni wa noti 9. Kitabu cha ndege hii kinataja noti 15 kuwa ndizo zilizojaribiwa na kuthibitishwa, na hapohapo kinaeleza kwamba idadi hiyo si kikomo cha kisheria, jambo ambalo nusu ya wanaonibishia hawajawahi kulisoma. Noti 9 kwa hiyo si dhoruba. Lakini rafadha, yaani panga la mbele linaloivuta ndege, inayozunguka kuelekea kulia, ukiitazama kutoka kitini, huvuta pua kushoto mwendo ukiwa mdogo na nguvu ikiwa kamili, na upepo unaopiga ubavu wa kushoto wa mkia nao hugeuza pua kushoto, kuuelekea upepo. Mambo mawili yanasukuma upande mmoja, na kijana anajibu kwa digrii 5. Simuleta haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa inamwambia ukweli.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi hasa. Neno “unyeti” halina maana moja katika programu zote. Katika baadhi, kulipunguza hukunja mstari wa mwitikio katikati na kuacha ncha zilipo: ukisukuma pedali nusu unapata robo ya usukani, lakini ukisukuma yote unapata yote. Katika nyingine, au katika programu ya kifaa chenyewe, hupunguza ncha, yaani hata ukikanyaga mpaka goti linyooke unapata sehemu tu. Watu hupitishiana nambari bila kuuliza ni ya mpangilio upi. Usiamini jina la kitufe. Tazama ndege kwa kamera ya nje, kanyaga hadi mwisho, uone kama usukani wa mkia umekwenda mpaka mwisho wake. Jaribio hilo halimalizi dakika moja, na lingeniepushia Jumamosi nyingi.

Kukunja katikati nako si bure. Kama nusu ya pedali inatoa robo ya usukani, basi huko mwishoni kila sentimita ya mguu inasogeza usukani mara mbili ya kawaida. Katika hewa tulivu hutalitambua hilo, kwa sababu unaishi katikati. Katika upepo wa ubavuni unaishi mwishoni, na usukani unakuwa mkali pale pale unapohitaji uwe mpole. Kwa pedali ndefu za miguuni mimi huacha mstari ulionyooka. Kwa joistiki ya kusokota huukunja kiasi, na nakiri kwamba kiasi hicho nimekibadilisha mara nyingi, na kuna wanafunzi wawili wenye ushauri wangu unaopingana.

Eneo mfu la katikati, yaani sehemu ambayo kifaa kikisogea programu haijibu, ni la kuzuia kifaa kikuukuu kisitetemeshe usukani chenyewe. Asilimia 2 au 3 inatosha. Kijana alikuwa na 20. Msaada wa usukani wa kujiendesha uzimwe kabisa, kwa sababu kutua ukiwa umelaza bawa upande wa upepo kunataka aileroni (vibao vya kwenye mabawa vinavyoilaza ndege) upande mmoja na usukani upande wa pili, na msaada huo huvifunga pamoja. Pedali zisiteleze: zangu ziliteleza kwenye sakafu ya saruji kwa miezi, nikilaumu programu, mpaka nilipoweka ubao kati yake na ukuta.

Kutua kuna siri yake. Nguvu ya usukani hufuata kipeo cha pili cha mwendo, kwa hivyo kwa noti 30 unabaki na robo ya ile uliyokuwa nayo kwa noti 60, na rafadha iliyopunguzwa haipulizi tena hewa kwenye mkia. Upepo wa ubavuni haujapungua, na uwezo wake wa kugeuza pua hushuka polepole kuliko ule wa usukani. Ndiyo maana watu hutua vizuri, hushusha pumzi, kisha huingia nyasini wakiwa karibu kusimama. Wakati huo aileroni inapaswa kuendelea kuelekea upepo, zaidi na zaidi hadi mwisho, na gurudumu la mbele na breki zichukue kazi ya mkia.

Jambo moja sina dawa yake. Kwenye kiti halisi kiuno hutambua pua ikianza kwenda kabla jicho halijaona. Mbele ya skrini una jicho tu, ukitazama ncha ya mbali ya barabara ndipo unapata nusu sekunde ya ziada. Matairi ya simuleta nayo hunishawishi kidogo kuliko mabawa yake. Kuna siku ndege huteleza kwenye lami kavu kana kwamba imemwagiwa sabuni, na siku hizo sina hakika kama ninamkosoa mwanafunzi au programu.

Tulirudisha ncha hadi asilimia 100, tukakunja katikati, tukapunguza eneo mfu. Aliingia nyasi za kushoto mara tatu, na mara ya nne akapaa kutoka katikati ya barabara. Akaomba tujaribu upepo wa kulia, nikaugeuza utoke digrii 280. Mguu wa kulia, au tuseme mkono, ulikuwa umekwisha kuzoea, na sasa upepo nao ulikuwa unageuza pua kulia. Akaziona nyasi za upande ule mwingine.

“Mwalimu, bado inavuta,” akasema.

“Safari hii ni wewe,” nikamwambia, nikairudisha ndege mwanzoni mwa barabara.