Begi la baridi hupangwa kwa ajili ya kusimama

Watu wanaojiandaa kwenda porini au mlimani wakati wa baridi huniuliza zaidi swali hili: nibebe nguo gani nisipate baridi nikiwa natembea? Huwa nawajibu kwamba wakiwa wanatembea hawatapata baridi. Mtu anayepanda mlima na kilo 15 mgongoni huzalisha joto kuliko anavyohitaji, na kazi yake kubwa ni kulipunguza. Baridi humkuta akisimama: anaposoma ramani, anapomsubiri mwenzake, anapofunga kamba ya kiatu, anaposimika hema. Ndiyo maana nikipanga begi nafikiria vituo kwanza, mwendo baadaye. Ukilitazama hivyo, mabishano mengi kuhusu vifaa hujimaliza yenyewe.

Tuanze na hesabu kidogo. Kwa wastani joto la hewa hushuka karibu nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Ukiondoka bondeni kwenye nyuzi 8, mita 1,500 juu yake utakuta karibu 2 chini ya sifuri, na hapo upepo bado hatujauhesabu. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri yenye upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi huisikia kama 20 chini ya sifuri. Sasa weka mtu aliyetoka jasho katikati ya upepo huo. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Fulana iliyolowa inageuka bomba la kumwaga joto lake nje.

Kwa hiyo nguo ya ngozini isiwe ya pamba. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo siku nzima. Sufu nayo hunyonya unyevu, hata kufikia karibu theluthi moja ya uzito wake, lakini haikuachi ukiwa baridi kama pamba inavyokuacha; nguo za polista hazinyonyi sana na hukauka upesi. Kati ya hizo mbili mimi huchagua sufu kwa safari ndefu kwa sababu hainuki haraka. Juu yake flisi nyembamba, yaani sweta laini la nyuzi za polista, na juu ya flisi jaketi la kuzuia upepo na mvua. Hizo zinatosha kwa kutembea, tena mara nyingi zinazidi. Anza safari ukiwa unasikia baridi kidogo. Kama una raha umesimama getini, dakika 10 baadaye utakuwa unatiririka.

Nguo muhimu kuliko zote ni ile usiyotembea nayo mwilini: jaketi nene la kusimamia. Linakaa juu kabisa ndani ya begi, na liwe pana kiasi cha kuvaliwa juu ya kila kitu, pamoja na jaketi la mvua. Ukisimama, livae kabla hujakaa, kabla hujanywa, kabla hujaanza kueleza jinsi mlima ulivyokuwa mkali. Wengi hungoja mpaka watetemeke, na kufikia hapo joto limeshatoka. Jaketi halina joto lake, hutunza tu lile lililobaki. Kwa kazi hii napendelea lililojazwa nyuzi za viwandani kuliko manyoya ya bata, ingawa ni zito zaidi na hukunjika vibaya. Manyoya huhifadhi joto kwa kutuna na kushika hewa, na yakilowa husinyaa. Jaketi linalovaliwa juu ya mgongo wenye jasho, kwenye theluji inayoyeyuka, litalowa tu. Manyoya nayaacha kwa usingizi.

Mikono ndiyo inayoamua

Kuna jambo ambalo orodha za vifaa hazilisemi vya kutosha: karibu kila kifaa hutumika kwa vidole, na vidole ndivyo vinavyokufa ganzi mapema. Chukua mfano wa kusimika hema. Ncha ya nguzo, nyembamba kama kalamu ya risasi, inatakiwa iingie kwenye tundu dogo lililoshonwa pembeni mwa sakafu. Sebuleni ni kazi ya sekunde mbili. Kwenye upepo, ukiwa umevua glavu kwa sababu hazikuruhusu kushika, ncha inateleza, tundu limejaa barafu, na ukifika tundu la nne huhisi tena kama umeshika nguzo au kidole chako mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya safari vaa glavu zako nene kisha jaribu kila kitu: bizimu za begi, zipu za hema, kifuniko cha chupa, kiberiti, kitasa cha jiko, swichi ya taa ya kichwani. Kinachokushinda ukiwa umetulia kitakushinda mlimani. Zipu nyingi zinaponywa na kitanzi cha kamba cha urefu wa kidole. Kifuniko cha chupa kinachokataa, badilisha chupa.

Glavu zenyewe ni jozi tatu. Nyembamba za kufanyia kazi ndogo, za kati za kutembelea, na zile za kifuko, ambapo vidole vinne hukaa chumba kimoja na kupeana joto. Hizo za mwisho zifungwe kamba ya kupita kwenye kifundo cha mkono, kama wafungiwavyo watoto, maana glavu iliyopeperushwa na upepo mteremkoni hairudi. Zilizolowa usizining'inize nje ya begi zikauke. Kwenye baridi kali hazikauki, zinakuwa mbao. Ziingize ndani ya flisi, tumboni.

Ndani ya begi

Kifuniko cha mvua cha kuvalisha begi kwa nje sikiamini. Upepo hukinyakua, na upande wa mgongoni hukiacha wazi. Mfuko mmoja mkubwa wa plastiki nzito ndani ya begi hufanya kazi vizuri zaidi, mdomo wake ukisokotwa na kukunjwa. Chini kabisa kinakaa kile ambacho sitakigusa mpaka usiku: mfuko wa kulalia na soksi kavu za kulalia, ambazo hazivaliwi kwa lolote jingine. Vizito, yaani chakula na jiko, vikae karibu na uti wa mgongo usawa wa mabega, ili begi lisikuvute nyuma. Mafuta ya maji ya kuwashia jiko, kama unayatumia, yasikae juu ya chakula. Hema linakaa nje ya ule mfuko wa plastiki, juu au ubavuni, kwa sababu litatolewa kwanza, pengine theluji ikianguka, na sitaki kufungua kila kitu kingine ili nilifikie. Vigingi vya kawaida kwenye theluji laini havishiki. Nabeba vifuko vya kitambaa, navijaza theluji, navifukia na kuikanyaga juu yake. Baada ya muda inakuwa ngumu, na mara nyingi asubuhi kazi ni kuvichimbua.

Kulala

Watu hutumia fedha kwenye mfuko wa kulalia na kusahau kilicho chini yake. Uzito wa mwili hukandamiza manyoya ya upande wa chini mpaka hayana hewa ya kushika, hivyo kinachokutenga na ardhi ni godoro peke yake. Uwezo wa godoro kuzuia joto hupimwa kwa namba iitwayo R, na tangu kipimo cha ASTM F3340 kilipotolewa mwaka 2018, namba za kampuni zinazokifuata zinaweza kulinganishwa. Kwa kulala juu ya theluji natafuta R ya 5 au zaidi. Uzuri wake ni kwamba namba hizi hujumlishwa: godoro la povu la kukunja lenye R ya 2 chini ya godoro la kujaza hewa lenye R ya 4 vinakupa 6. Na povu lina faida ambayo la hewa halina: halipasuki, na mchana ni kiti. Lifunge nje ya begi pahala unapolifikia bila kufungua chochote. Godoro la hewa usilipulize kwa mdomo, pumzi yako ina unyevu utakaoganda humo ndani. Tumia kifuko cha kusukumia hewa.

Mfuko wa kulalia uliopimwa kwa kiwango cha ISO 23537 huandikwa namba tatu: ya starehe, ya ukomo na ya hatari. Muuzaji hupenda kuandika kwa herufi kubwa ile inayovutia. Wewe soma ya starehe. Ya ukomo ni ya mtu aliyejikunja, na ya hatari inahusu kunusurika, haihusu kulala.

Kwenye safari ya usiku mwingi kuna adui anayeingia polepole. Mwili hutoa mvuke usiku kucha. Mvuke huo unapita kwenye manyoya, unakutana na tabaka la nje lililo baridi, unaganda humo. Kila asubuhi mfuko umezidi uzito kidogo na umepungua kutuna kuliko jana. Usipumulie ndani yake hata pua ikiuma. Vaa kofia ya kufunika uso. Jua likitoka mchana, utoe na kuutandaza juu ya begi, hata kwa nusu saa ya mapumziko. Usiku uingie na vitu visivyotakiwa kuganda: betri, simu, kichujio cha maji, mtungi wa gesi, glavu. Viatu navilegeza kamba na kuvitanua midomo, kisha navitia kwenye mfuko na kuviweka miguuni. Kiatu kilichoganda kikiwa kimebana hakiingiliki asubuhi.

Moto na maji

Gesi haiwaki kama haijageuka mvuke. Butani ya kawaida huacha kuvukiza karibu na nusu nyuzi chini ya sifuri, isobutani karibu na 12 chini, propani karibu na 42 chini. Mtungi wa mchanganyiko huanza vizuri kwa sababu propani hutoka kwanza, kisha jiko linafifia wakati mtungi bado unasikika una kitu. Hapo ndipo jiko linaloruhusu kupindua mtungi, gesi ikitoka ikiwa kimiminika na kupashwa kwenye kijibomba kinachopita motoni, linapostahili bei yake. Kwa baridi kali zaidi nabeba jiko la mafuta ya maji, na nachunguza vifuniko vya chupa zake kimoja kimoja. Msafara wa Mwingereza Robert Falcon Scott, ukirudi kutoka Ncha ya Kusini mwaka 1912, ulikuta mafuta ya taa yamepungua kwenye makopo yaliyoachwa njiani, kwa kuwa pete za ngozi za kuzibia vifuniko hazikuziba sawasawa. Roald Amundsen, mpinzani wake Mnorwe, aliyalehemu ya kwake.

Kuyeyusha theluji hula mafuta kuliko kupika, kwa hiyo hesabu mafuta kwa maji kwanza. Bakiza maji kidogo sufuriani kabla ya kutia theluji, la sivyo itaungua na kutoa ladha ya moshi. Na usipike ndani ya hema lililofungwa. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye jiko, haina harufu.

Chupa iwe ya mdomo mpana, ndani ya soksi nene, ikibebwa kichwa chini: barafu huanzia juu, na juu pasiwe kwenye kifuniko. Mrija wa kunywea huganda mapema mno, uache nyumbani. Kichujio cha maji chenye nyuzi zilizo wazi ndani kama mirija kikiganda hupasuka ndani bila kuonyesha nje, na kuanzia hapo kinakudanganya.

Mengine kwa ufupi. Betri za lithiamu za kuchaji hupoteza nguvu kwenye baridi, na kuzichaji chini ya nyuzi 0 kunaziharibu. Pawabenki ikae mfuko wa ndani. Taa ya kichwani inayotumia betri ndogo, itie za lithiamu zisizochajiwa. Miwani ya jua si pambo: mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo usoni mwako, kwa hiyo mafuta ya ngozi yapakwe hata chini ya kidevu na ndani ya tundu za pua. Kwenye miteremko ya maporomoko ya theluji kila mtu, bila kubakiza yeyote, awe na kifaa cha redio cha kutafutana cha kilohezi 457, fimbo ndefu ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa na koleo, na awe amefanya mazoezi navyo. Unapotafuta, simu ikae mbali na kifaa hicho nusu mita au zaidi.

Ninavyoviacha ni vingi zaidi: suruali ya akiba, viatu vya kambini vizito, kisu cha kupasulia kuni, fulana ya tatu. Uzito huo ni jasho, na jasho nimeshalizungumzia.

Kisha kuna vitu visivyoingia begini kabisa, kwa sababu begi linaweza kuteleza mteremkoni bila mwenyewe. Kiberiti cha gesi kwenye mfuko wa ndani, ambako kinabaki na joto la kukiwezesha kuwaka. Dira na ramani ya karatasi. Kitu cha kutafuna kilichokatwa vipande vidogo kabla hakijaganda. Na kile kitoa ishara cha megahezi 406 cha kuitia msaada, ambacho watu hukifungia kwenye mfuko wa juu wa begi: kivae kifuani, upande unaofikiwa na mikono yote miwili.