Sainasi sugu si baridi ya Mbeya

Wiki hii tena. Mama kutoka Uyole, pua imeziba miezi, hasikii hata harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, na mkobani ana antibayotiki nyingine. "Dokta, ni baridi yetu hii, nipe kali zaidi."

Hapana, mama. Baridi inaweza kukuchuruzisha kamasi asubuhi. Pua ikikaa na hali hiyo wiki 12 au zaidi, tunazungumzia sainasi sugu: uvimbe unaojiendesha wenyewe ndani ya sainasi, yale mapango ya hewa kwenye mifupa inayozunguka pua.

Ukuta wa sainasi ukivimba, seli nyeupe za damu, askari wa mwili, zinamiminika pale na kumwaga oksijeni kali, yaani kemikali za oksijeni zinazounguza: superoksaidi, kisha haidrojeni peroksaidi. Nyutrofili, aina mojawapo ya seli hizo, zinafika hadi kutengeneza asidi ya haipoklorasi, ile ile iliyomo kwenye maji ya klorini tunayodekia wodi. Imelengwa bakteria, lakini haichagui. Inaharibu mafuta ya utando wa seli zako, na vinyweleo vinavyosukuma kamasi kuelekea kooni vinadhoofika. Kamasi linatuama, bakteria wanastawi, seli nyeupe zinaitwa tena. Antibayotiki inaua bakteria; mzunguko huo inauacha ukizunguka.

Sasa wengine wakisikia "antioksidanti", yaani vitu vinavyozima oksijeni kali, wanakimbilia vidonge vya vitamini C na unga wa mlonge. Ni kweli, tafiti zimekuta kinga dhidi ya oksijeni kali imepungua kwenye nyama za pua, vile vinundu laini vinavyoota ndani ya pua iliyovimba. Ila sisi wataalamu hatujakubaliana kama upungufu huo ndio ulioanzisha ugonjwa au ugonjwa ndio ulioimaliza akiba ya kinga hiyo. Mpaka leo vidonge hivyo si tiba ya sainasi sugu, na inaniuma kuona mtu anavinunua huku dawa yenyewe ameiacha.

Na kwa nini Juni na Julai hali inachacha? Angalia chumbani: jiko la mkaa limeingizwa ndani, madirisha yamefungwa. Moshi na chembechembe zake unaongeza oksijeni kali juu ya ile iliyokwishamwagwa, halafu lawama inapewa baridi. Litoe nje. Hewa ya mkaa chumbani inaua watu usingizini.

Osha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Kisha steroidi ya kupuliza puani, dawa ya kutuliza uvimbe, kila siku, kwa wiki kadhaa kabla hujasema haifanyi kazi. Ncha ielekee upande wa sikio. Ukipuliza ukuta wa katikati, utatoka damu. Jicho likivimba au ukaanza kuona viwili viwili, njoo hospitali siku hiyo hiyo.